Namba Moja Kichwani

Aliyekosa gazeti wiki iliyopita asihangaike kumwomba jirani. Mikosi yangu inasimulika kwa ufupi, kuibeba ndiyo kazi.

Niliingia hospitali na tumbo la miezi minane, nikapigwa nusu kaputi, nikaamka na mshono bila mtoto. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda. Alinishika mkono akaniambia kwamba mtoto, wa kiume, alitoka akiwa ameshafariki, na kwamba wameona wamzike upesi ili nisiongezewe uchungu juu ya uchungu.

Nilimuuliza wamemzika wapi. Akasema yaliyopita si ndwele, mwanangu, tugange yajayo.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia ukuta. Mwaka unakaribia kwisha na bado anaangalia ukuta, ila sasa ni ukuta wa sebuleni kwetu, ambako amehamishia mto wake na shuka yake.

Mama mkwe alikuja na begi dogo, kunitunza mpaka mshono upone. Mshono umepona. Begi bado liko juu ya kabati langu, na mwenyewe anapanga sufuria zangu upande anaoupenda yeye. Zamani hawa watu wawili walikuwa wananiita mama kijacho, kwa mzaha na kwa furaha. Siku hizi hawajui waniiteje, wananiita wewe.

Mimi nilichotaka ni kitu kimoja tu. Nijue mwanangu amelazwa wapi, nikasimame hapo hata kwa dakika chache, nirudi nyumbani. Nani amewahi kunyimwa kitu kidogo kama hicho?

Nilipofikia hatua ya kulia bafuni huku nimefungulia maji ili nisisikike, mdogo wangu, ambaye anaishi mbali nami, akanitafutia mshauri nasaha wa mtandaoni. Ndipo tulipoishia.

Wengi mmeuliza huko mtandaoni watu hufanya nini hasa. Wengine mmeuliza kwa shida, wengine kwa umbea. Nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza, ukidhani utapewa ushauri, umeliwa. Mimi nilitegemea mambo ya kwenye filamu, mtu mwenye ndevu na kochi refu. Nikakutana na mwanamke wa makamo, ameketi mbele ya kabati la vyombo, ana waya masikioni, na paka wake anapita nyuma kama mwenye nyumba. Nilisubiri aniambie la kufanya. Akaniuliza mimi nadhani la kufanya ni lipi. Ningekuwa nalijua ningemtafuta wa nini?

Pili, kila mara anaanza kwa maswali mawili. Uko wapi leo? Uko peke yako? Hata kama jana mlizungumza, leo atauliza tena, na huendi popote mpaka umejibu.

Swali la pili ndilo lililonitoa jasho. Nyumbani kwetu hakuna mahali pa kuwa peke yako. Mama mkwe anabisha hodi hata chooni. Kwa hiyo nikaangukia kazini.

Kazi yangu ni kukata lenzi na kutengeneza fremu katika duka la miwani. Mbele kuna wateja na vioo, nyuma kuna meza yangu na mashine, na katikati kuna chumba cha kupimia macho. Hakina dirisha, mlango wake una komeo na ufunguo, kuta zake nene kiasi kwamba simu ya kawaida haishiki humo, inashika intaneti ya dukani tu. Ukizima taa, kila mtu anadhani hamna mtu. Nilikuwa naegemeza simu kwenye kile chombo ambacho mgonjwa anaweka kidevu, mimi nakaa kwenye kiti cha mgonjwa, ubao wa herufi unanitazama gizani.

Bosi wangu ni daktari wa macho, mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja. Anaogopa moto. Akitoka kwenda kula anafunga mlango wa mbele na kuzima meni swichi ya duka zima, ndiyo maana sisi wafanyakazi tukambandika jina la Mzee Swichi. Nilimwambia nasoma darasa la mtandaoni wakati wa chakula. Akafurahi, akasema elimu haina mwisho, tukakubaliana kwamba siku ya darasa swichi haiguswi.

Sasa sikilizeni jambo la tatu, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Siku ya kwanza kabisa, mshauri alinieleza masharti. Akasema tutakayozungumza yatabaki siri yetu, isipokuwa akiona maisha yangu yako hatarini. Nikasema ndiyo, ndiyo. Mtu akikuahidi siri, nani anakaa kusikiliza isipokuwa?

Halafu akaniomba namba ya mtu wangu wa karibu, wa kupigiwa endapo simu itakatika na yeye akawa na wasiwasi juu yangu.

Nilitaka kumpa ya mdogo wangu. Lakini namba ya mdogo wangu imo ndani ya simu, na simu yenyewe ndiyo iliyokuwa imembeba mshauri. Niliogopa nikigusa popote atapotea, na nilikuwa nimetumia ujasiri wangu wote kumpata. Nikatafuta kichwani. Kichwani mwangu mna namba moja tu ya simu, niliyoikariri enzi za uchumba, nilipokuwa natembea kwenda kupiga simu kwenye kibanda kwa sababu sikuwa na ya kwangu. Nikaitaja bila kukwama.

Namba ya mume wangu.

Nikajiambia wiki ijayo nitambadilishia. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine.

La mwisho la kuwaambia ni kimya. Mshauri anauliza swali, unajibu, ananyamaza. Anainamisha kichwa upande kidogo, anaweka mkono shavuni, anakutazama. Mwanzoni nilidhani mtandao. "Mama, umeganda?" namuuliza. "Hapana, dada, nakusikiliza," ananijibu. Nikamuuliza hivyo mara kadhaa, mpaka nikaona aibu, nikaacha. Nikagundua kimya kile kina kazi yake. Mtu akinyamaziwa vizuri, anajaza mwenyewe, na anajaza kwa yale aliyokuwa ameyaficha.

Kwa njia hiyo alinitoa mengi. Na mwisho akanipa kazi ya nyumbani, moja tu. Nisimame mbele ya mume wangu nimuulize, mtoto wetu yuko wapi?

Kila wiki nilirudi sijaifanya. Mara mama mkwe alikuwa sebuleni. Mara mwenzangu amechoka, ametoka kuzibua mabomba ya watu mchana kutwa. Mume wangu ni fundi bomba, anazibua mji mzima, mdomo wake mwenyewe ndio uliomshinda.

Basi, juzi. Nilijifungia chumbani mule kama kawaida, nikazima taa, nikajibu maswali yake mawili. Niko kazini, niko peke yangu.

Akaniuliza asubuhi zangu zikoje siku hizi.

"Mama, nisikufiche," nikamwambia. "Kuna asubuhi naamka najuta kwa nini nimeamka. Naona ningelala moja kwa moja ningepumzika."

Akanyamaza. Kichwa upande, mkono shavuni, macho kwangu.

Nikanyamaza na mimi. Halafu nikafanya kile ambacho kimya chake kilikuwa kimenifundisha, nikajaza.

Nikamwambia, lakini leo sikuamka hivyo. Leo nimefungua droo, nikakitoa kisweta cha mtoto nilichokifuma mwenyewe, nikakinusa, na kwa mara ya kwanza sikukirudisha haraka kama mwizi. Nikamwambia leo namuuliza mume wangu, mama yake awepo asiwepo, na kama hanijibu nitahama mimi na kisweta changu. Nikamwambia mtoto nimempa jina. Nikamtajia hilo jina. Sijawahi kulitaja mbele ya mtu, na hapa pia sitalitaja, mnisamehe.

Nililia. Nikacheka pia, maana nilikumbuka alivyokuwa anarusha mateke tumboni nikiwasha mashine ya kukatia lenzi. Mshauri alinisikiliza kama hajawahi kunisikiliza. Hakukatiza, hakuandika pembeni, hakupepesa macho. Nikamshukuru. Nikaona jinsi alivyoguswa, hata jibu halikumtoka.

Halafu picha yake ikatoweka, simu ikaandika kwamba inatafuta mtandao. Nikasema aa, leo angalau imekatika tumeshamaliza.

Jamani. Mazungumzo bora kuliko yote niliyowahi kufanya katika maisha yangu, niliyafanya na picha iliyoganda.

Mazoea yana taabu. Mzee Swichi alikuwa amesahau darasa langu, akafunga duka, akazima umeme, intaneti ikafa nao, akaenda zake kula. Mimi niko gizani kwa hiari yangu, ningejuaje kwamba na nje ni giza? Mshauri alinisikia mpaka pale pa kulala moja kwa moja. Kisweta hakukisikia. Jina hakulisikia. Alibaki nyumbani kwake, mbele ya kabati lake la vyombo, akimwaza mwanamke aliyesema angelala moja kwa moja angepumzika, kisha akapotea.

Akapiga, hapatikani. Akapiga tena. Kisha akafanya lile la isipokuwa.

Mimi sijui lolote. Nilitoka mule nikanawe uso, nikaufunga mlango kwa ufunguo kwa mazoea, simu nikaiacha pale pa kuwekea kidevu nikijua narudi sasa hivi. Nikamkuta bosi amesharudi na umeme umerudi, na mteja mmoja amekalia miwani yake, anaihitaji leo leo. Nikaketi mezani na bisibisi. Nawaambia ukweli, mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nakaza skrubu huku naimba chini chini, mwanamke mwenye mpango wake wa jioni.

Nikasikia mlango wa mbele ukigonga ukuta. Nikasikia viatu vya mpira, vizito, vinalia maji. Bosi akasema samahani, bwana, unamtafuta nani, na hakujibiwa. Kisha mtu akaanza kuutikisa mlango wa chumba cha kupimia macho, na kuita.

Aliita jina la utani ambalo mtu mmoja tu duniani ananiita, na alikuwa hajalitumia tangu hospitali.

Kabla sijainuka, mlango ulivunjika.

Nilipofika nilimkuta mume wangu amepiga magoti gizani, spana kubwa iko kando, suruali imelowa mpaka kiunoni, anapapasa sakafu kwa mikono miwili. Anapapasa chini ya kiti, nyuma ya mashine, kwenye kona. Hakutafuta juu hata mara moja. Alikuwa anamtafuta mtu aliyelala chini.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

Akageuka. Mimi nimesimama mlangoni na bisibisi yangu, aproni yangu, miwani ya mteja mkononi. Alinitazama mpaka nikaona haya. Halafu akajiburuta akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akafunika uso.

Alinieleza kwa vipande. Alikuwa chini ya sinki la watu, simu ikalia, mwanamke asiyemfahamu akamwambia yeye ni mshauri wa mkewe, na kwamba mkewe yuko kazini katika chumba cha kupimia macho, aende sasa hivi na asimwache peke yake. Aliacha maji yanamwagika kule. Alikimbia.

Mlango unaning'inia kwa bawaba moja. Nyuma yangu Mzee Swichi ameshika mdomo, na wateja wawili wamesimama na fremu zisizo na lenzi usoni, wanatukodolea. Nilijua nimeumbuka na kazi nimeshaiweka rehani. Lakini nisiwadanganye, moyoni nilifurahi. Nikasema, kumbe bado ananipenda. Kumbe anaweza kuvunja mlango. Nikaona kazi yangu ya nyumbani imejileta yenyewe, imekaa kitini, nikafungua kinywa nimuulize.

Akaniwahi.

"Nani amekwambia?"

Sikuelewa. Nikamuuliza, kuniambia nini?

"Mama alisema ukijua utajidhuru," akasema, bado amefunika uso. "Ndiyo maana nimenyamaza mwaka mzima. Nilijua siku moja utajua. Mke wangu, ni nani amekwambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwenzangu hakukimbia kwa sababu nimechoka kuishi. Alikimbia kwa sababu alidhani nimejua jambo.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwambia sijui chochote, na angepangusa uso, akaangalia ukuta, tukarudi kule kule. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ilikuwa imekaa mbele yangu inatetemeka.

Nikafanya nilivyofanyiwa. Nikainamisha kichwa upande. Nikaweka mkono shavuni. Nikamtazama, nikanyamaza.

Kilikuwa kimya kigumu kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Bosi nyuma yangu akakohoa, nikampungia mkono bila kugeuka.

"Alilia," mume wangu akasema.

Sikusogea.

"Nilikuwa mlangoni pale wodini, wewe bado umelala kwa dawa. Nikamsikia. Sauti ndogo, lakini alilia, nimeisikia kwa masikio yangu. Mama akatoka naye amemfunga kwenye shuka. Akaniambia hali si nzuri, nisiangalie, nibaki na wewe. Nikabaki na wewe. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. Akasema yamekwisha, na wewe tukwambie alitoka ameshafariki, itakuwa nafuu kwako."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, ila hawakusema mshindo wenyewe unakuja kwa sauti ya chini namna ile. Mwanangu alilia. Mwaka mzima nimemlilia mtoto ambaye hakuwahi kutoa sauti, na sauti aliitoa, ikasikiwa na kila mtu isipokuwa mama yake.

"Alikwenda naye wapi?" nikauliza. Nilisema taratibu, kama ninavyomuuliza mteja anaiona herufi gani.

"Sijui."

"Huyo mtoto alikufa?"

Akatikisa kichwa. Si kwa kukubali, si kwa kukataa. "Mama alisema hivyo."

"Wewe ulimwona?"

"Hapana."

"Na hukumuuliza alimpeleka wapi? Mwaka mzima, mnakula meza moja, hukumuuliza?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa mambo.

"Ni mama yangu," akasema.

Nilidhani nitampiga. Nilikuwa na bisibisi mkononi na sheria ingenihukumu. Badala yake nikaiweka miwani ya mteja juu ya mashine, polepole, isikwaruzike, maana kazi ya watu ni kazi ya watu. Nikawaza kile chumba chetu na lile begi juu ya kabati. Nikamwaza yule mama anayepanga sufuria zangu, anayenisogezea chai na kuniambia kula, mwanangu. Hata saa hiyo alikuwa huko nyumbani kwangu, huenda anaosha vyombo, na kichwani mwake mna mahali ambapo mwanangu yupo, kaburini au mikononi mwa mtu.

Ndipo ukuta wa chumba ukapata mwanga. Simu yangu, pale pa kuwekea kidevu, ilikuwa inawaka bila mlio. Intaneti imerudi, na mshauri hakuwa amechoka kupiga.

Nikabonyeza. Akatokea, nywele zimevurugika, waya moja imechomoka sikioni, macho mekundu. Paka hakuwepo. Aliponiona alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka. Halafu akajikusanya, akarudi kwenye kazi yake, akauliza vile vile anavyouliza siku zote.

"Uko wapi, dada? Uko peke yako?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameketi karibu yangu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa goti, na alikuwa ananyoosha wake kunishika. Nikausogeza mguu wangu.

"Niko kazini, mama," nikasema. "Niko peke yangu."